Kifungu cha Kumi na Nne

Ofisi yangu ni orofa ya pili, Mtaa wa Biashara,
juu ya mafundi watatu wa cherehani wasiopatana.
Mikataba naisoma kwa mlio wao,
na nimejifunza: pindo la haraka
hungoja harusini ndipo lifumuke.

Leo kaja Bi Mejumaa wa Mtopanga
na bintiye Nuswaiba, miaka minane,
soksi moja imelala kifundoni.
Kaniwekea karatasi mezani kwa mikono miwili
kama anayetenga sahani ya mgeni.
"Nipunguzie ada, mwanangu. Wewe ni wetu.
Tumekulea sebuleni mwetu."

Kweli. Walinilea wengi nisiowajua.
Kila Alhamisi, saa moja u nusu usiku,
Majengo hadi Mikindani, wali ukiungua jikoni,
nilikuwa Kidawa, yatima wa kwenye kioo,
na baba yangu mzima, kuli wa Kilindini,
kasimama kando ya nyaya, kimya,
kashika kikapu changu cha mahamri.

Nililia vipindi mia na kumi na viwili.
Mwanzo kwa kitunguu.
Kisha mwelekezi akavumbua njia ya mkato:
kuninong'oneza jina la bibi yangu
tuliyemzika mwezi ule.
Hilo halikuandikwa popote.
Nimelitafuta, ukubwani, kwa jicho la kazi.

Kilichoandikwa ni hiki:
sauti, sura, na kila neno nitakalotamka
ni mali ya kampuni, warithi wake, na watakaonunua kwao,
nchi zote, vyombo vyote,
vilivyopo na vitakavyobuniwa.
Baba alitia sahihi juu ya boneti ya gari lao,
ingali moto. Kalamu pia yao.
Tukapewa baiskeli nyekundu na kreti mbili za soda,
na furaha, sisemi uongo,
furaha ilikuwa yetu.

Nilipotimu kumi na tatu nikarefuka ghafla.
Kidawa akafa kwa homa, kipindi kimoja,
mimi mwenyewe nikasikia kutoka kwa jirani.
Mwalimu wa hesabu alinipa pole, akimaanisha.

Mpaka leo wananirushia ile sentensi:
"Taa ndiyo iliyozima, mama. Si mimi."
Muuza viazi karai, karani wa masjala,
hata hakimu mmoja, siku ya wapiga zumari na hoteli yao,
alifunga faili akaitamka, kwa upole, mbele ya wote.
Nikacheka inavyopasa.
Usiku nikapiga hesabu: nikiisema jukwaani kwa malipo,
nashtakika.
Na mimi ndiye ningemshinda
wakili wangu.

Nausoma wa Nuswaiba.
Herufi zimepambwa, maneno ni yale yale;
kifungu cha kumi na nne nakijua kwa harufu.
Nainua kichwa.
Mtoto ananitazama, na bila ya kuombwa
jicho lake la kushoto linajaa, linajaa,
akalizuia ukingoni. Halikudondoka.
"Waona?" asema mama. "Huyu hana haja ya kitunguu."

Nikamwomba Bi Mejumaa aninunulie maji chini.
Nikamwuliza binti: ukilia hivyo, wafikiria nini?
Akautazama mlango.
"Hiyo ni siri ya kazi," akasema,
akaivuta soksi yake.

Hapo stima ikakatika.
Cherehani zikanyamaza, moja, ya pili, ya tatu,
pangaboi likaendelea kidogo kwa mazoea.
Mama yu ngazini na chupa ya maji,
mtoto kitini, mafundi gizani,
na nikahisi wote, jengo zima,
wakinisubiri niseme.

Nikawasha tochi ya simu.
Mwisho wa kile kifungu, kwa mwandiko wangu mbaya,
nikaongeza maneno mawili: isipokuwa machozi.
Nikapulizia wino.
Nikafungua cha kumi na tano.