Usikiguse

Wiebren alipostaafu aliniachia ufunguo wa kabati,
kikombe chenye ufa, na mchoro huu:
vifundo mia nne na kumi na viwili
vimetapakaa skrini nzima na nje ya skrini,
nyuzi zikipanda, zikishuka, zikirudi nyuma
kama mtu aliyesahau miwani.
Ukitaka kuviona vyote kwa pamoja, vinakuwa vumbi.
Ukisogea usome jina la kimoja,
hujui tena uko wapi.

Hapa Wommels maziwa hayalali.
Kila jioni matangi ya wafugaji mia na sitini
yanataja joto lake, na mchoro ndio unaosikia,
ndio unaoamua lori lipi litoke, nani alipwe,
nani aamshwe kwamba maziwa yake yanachacha.
Miaka tisa.
"Haujaharibika," alisema Doutzen, meneja wetu. "Unautakia nini?"
Nikamwambia: juzi usiku lori la Bolsward lilikwama,
nikafuata uzi mmoja kwa kidole juu ya kioo,
dakika arobaini, kama mtoto anayejifunza kusoma,
na nilipofika mwisho wake
ulikuwa umeingia chini ya uzi mwingine.

Basi nikaanza na wafu:
"jaribio", "jaribio jipya", "jaribio jipya kabisa",
vyote vimezimwa tangu mwaka wa mafuriko.
Nikavifuta. Hakuna aliyelia.
Kisha nikavuta kila kitu kianzie kushoto, kiishie kulia,
nikajenga mazizi, kila zizi na rangi yake,
joto buluu, malori kijani,
ili jicho lijue pa kulala.

Vifundo thelathini na vinne vya ankara
nikavikunja ndani ya kimoja, nikakiita Malipo.
Lo, kulivyokuwa kweupe!
Lakini mkono ukasita.
Funika kombe, wanasema, mwanaharamu apite;
huyu wangu hapiti. Amekaa humo ndani
ananingoja saa nane ya usiku.
Nikakikunjua tena. Nikakata, nikaunganisha,
nikauliza kila kimoja, wewe kazi yako nini?
Vikabaki kumi na tisa.
Ndipo nikafunika.

Siku ya nne skrini ilipumua.
Umebaki uzi mmoja tu, mrefu, wa mshazari,
unakatiza mazizi yote matano bila haya
hadi kifundo cha manjano pembeni kabisa:
Subiri dakika saba.
Chini yake maandishi ya Wiebren: Usikiguse.
Ni kwa tangi themanini na nane peke yake.
Likipata joto, ujumbe unakwenda;
kisha, badala ya simu kulia papo hapo
kama kwa wengine wote, kimya.
Dakika saba.

Nilimpigia Wiebren. Alikuwa anapanda vitunguu.
"Ni Ubele Hoekema," akasema. "Alivunjika kifundo cha mguu.
Akiona ujumbe anashika fimbo, anakwenda kwenye tangi.
Simu ikilia yuko njiani anageuka kuipokea,
na pale uani, majira ya barafu, kugeuka ndiko kulikomwangusha.
Nilihesabu hatua zake mwenyewe."
Akanyamaza. "Ungeweza kuniuliza ningali kazini."
Ningeweza. Sikuuliza.

Huyo alikuwa na miaka sabini na sita wakati ule.
Nikafikiri: shamba litakuwa limeuzwa,
uzi huu ni kumbukumbu, na kumbukumbu
si kazi ya mchoro. Kidole kiko juu ya kitufe.
Nikapiga simu shambani, kwa adabu tu.

Akapokea binti, Ytsje, pampu inanguruma nyuma yake.
Tangi ni lake sasa, akasema, na yeye ana mbio.
"Lakini usiku baba hakubali. Anakwenda mwenyewe.
Mimi nasimama dirishani, najifanya nimelala."
"Dakika saba zinamtosha?"
Akacheka kidogo.
"Siku hizi ni kumi."

Nikafuta saba, nikaandika kumi.
Uzi nikauacha ulivyo, wa mshazari,
katikati ya unadhifu wangu wote,
na pale palipoandikwa Usikiguse nikaandika sababu:
Hiki ni kifundo cha mguu wa Ubele.
Kabla hujafuta, piga simu.