Sindano Bila Uzi

Alikuja Jumanne ndani ya katoni ya fromaji ya Masisi,
akinuka maziwa yaliyoganda na petroli,
masikio mawili yasiyojua bado yasimame au yalale.
Muhindo aliiweka katoni juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa:
"Shangazi, huyu ni wako. Mama yake alikanyagwa na lori."
Kisha akapanda chukudu yake,
akateremka na shehena ya mbao kuelekea Birere.

Sikuwa nimeomba mbwa.
Nilikuwa nimeomba kufuli la mlango.

Nikamtoa uani. Kumbe hajawahi kukanyaga jiwe la hapa.
Alikotoka ardhi ni majani, ng'ombe, tope laini;
kwetu ni yale yale mawe yaliyoshuka yakiwaka,
yakaila nyumba ya baba hadi dirishani,
yakapoa, tukajenga juu yake.
Aliinua mguu mmoja, akautazama. Akainua wa pili.
Akasimama kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.
Nikamwagia maranda ya seremala, kijia chembamba
kutoka kizingitini hadi kwenye pipa la maji.
Akakifuata, pua chini. Mwisho wa njia akakojoa.
Nikapiga makofi peke yangu kama mwendawazimu.

Kasereka akachungulia juu ya ukuta:
"Mupe pilipili, akuwe mukali. Mufunge muchana, asizoee watu."
Nikamshukuru. Pilipili nikaitia kwenye sombe.
Ukali mji huu unao wa kutosha,
hata kwa mkopo unapatikana.

Usiku alilia.
Si kubweka: uzi mwembamba wa sauti
uliopenya mbao, ukanikuta chini ya blanketi,
ukavuta.
Umeme ulikuwa umekatika tangu saa moja.
Nikampa kitenge cha zamani, akakikataa.
Nikampa kidole, akakinyonya, akagundua uongo, akaanza upya.
Mama mkwe, Koko Kasoki, akagonga ukuta:
"Mbwa ni wa inje! Tangu lini mbwa akawa na chumba?"
Hakukosea. Ila sote tuliwahi kuwa wa nje,
mwaka ule wa turubai, Mugunga,
yeye akilia usiku akidhani nimelala.
Sikumkumbusha.

Nikaketi kwenye cherehani, katoni miguuni,
nikakanyaga.
Tarara, tarara, tarara.
Kilio kikasita.
Pumzi yake ikaanza kulifuata gurudumu.
Nikaacha: jicho moja likafunguka.
Nikakanyaga tena.
Sikuwa na kazi usiku ule, wala taa, wala uzi.
Sindano ilipanda na kushuka gizani
ikishona hewa na hewa,
hadi vifundo vya miguu vikaniwaka,
na mlima kule kaskazini, mwekundu chini ya wingu lake,
nao ulikuwa haujalala.

Usiku wa pili, hivyo hivyo.
Wa tatu nilisinzia kabla yake.

Wiki iliyofuata alitafuna gauni la harusi la Kavira,
mkono wa kushoto, wote.
Nililia kwanza. Kisha nikaukata na wa kulia,
nikaweka lasi fupi mabegani;
bibi harusi akajigeuza mbele ya kioo akasema
ndiyo mitindo ya sasa.

Mimi namwita Jibini. Mtaani wanamwita Fromaji.
Akiwa na njaa huitika yote mawili.

Jana ardhi ilitikisika, ile ya kawaida tu:
vikombe viligongana kabatini, vikanyamaza.
Nikainama chini ya cherehani. Katoni tupu.
Nikaita. Nikashika taa nikapita chumba kwa chumba,
vyote viwili.
Nikamkuta kwa Koko Kasoki,
juu ya blanketi, kidevu kwenye goti lake,
na mkono ule mzee ukimpapasa mgongo,
ukienda, ukirudi,
kwa mwendo wa mtu anayekanyaga cherehani.

"Usimuguse," akaninong'oneza. "Aliogopa."

Sikuuliza ni nani.