Nafasi ya Punje Moja

Shufaa ana miaka miwili na miezi minne
na ameshapanda kabati, dirisha, tangi la maji la jirani,
na mimi, kila jioni, kuanzia gotini hadi begani,
akiniita Jiwe.

Jumapili maji yakitoka twenda Mkomani,
kwenye vijabali vya matumbawe vilivyotobokatoboka
kama mkate wa kumimina uliochacha vizuri.
Havinifiki kifuani. Kwake ni mbingu.
Nami nyuma yake, viganja wazi,
mlezi wa matako.

Peku, jabali lilimchana unyayo.
Kwa kandambili, kandambili ilibaki chini, yeye akawa juu.
Kwa viatu vya Idi, vyenye taa kisiginoni,
aliteleza huku anawakawaka.

Basi nikaenda Kongowea.

"Vya kuchezea?" akauliza Mama Kasichana.
"Vya kupandia mawe."
Akanitazama kama niliyetaka koti la kuku.
Mtoto avaa ishirini na mbili, akanipa ishirini na tano:
"Atavikulia. Tia pamba mbele."

Lakini jabali halijui habari za mwakani.
Lauliza swali moja tu: kidole gumba kiko wapi?
Na kidole gumba, kizama pambani, hakina la kujibu.
Mimi hupaka rangi maghorofa ya Tudor,
nimekaa ubaoni, kamba kiunoni, kunguru chini yangu;
najua mguu uliolegea kiatuni
ni mguu wa mtu mwingine.

Nikasema basi, vimbane,
kama vyangu vya kupandia vinavyonibana hata kucha zikalia.
Bi Swafiya wa kliniki akaushika ule mguu,
akaubinya taratibu kama mtu achaguaye embe.
"Humu hamna mfupa bado, gegedu tupu.
Ukikibana kitakutii.
Hiyo ndiyo hatari yake."

Nikazunguka Marikiti, Biashara Street, Makupa.
Nyali kuna duka la milango ya vioo;
vya kupandia wanavyo, kwa bei ya kodi ya miezi miwili,
na vidogo kabisa ni ishirini na nane.
"Wadogo zaidi ya hapo hawapandi," akasema kijana,
Shufaa akiwa amesimama juu ya meza yake ya hesabu.

Usiku nilipasua mfuko wa unga,
nikamsimamisha juu yake, nikamzungushia penseli.
Kwenye kidole cha mwisho akatekenyeka,
akacheka, mstari ukapiga wimbi.

Mwachiro, fundi wa Mwembe Tayari,
alibandua soli ngumu ya raba za kitambaa,
akaweka mpira wa tyubu ya baiskeli,
akakikunja kiatu kizima kwa vidole viwili kama chapati.
"Kisipokunjika, usimvishe."
Mbele akaacha nafasi ya punje moja ya mahindi.
Kisha akaweka kidole pale penye wimbi:
"Hapa ana kasoro?"
"Hapa alicheka."
Hakuuliza tena. Akakata vilevile,
pamoja na kicheko.

Jumapili ile bahari ilikuwa mbali, imelala.
Shufaa aliweka mguu tunduni, akaubonyeza, ukakaa.
Hakunitazama mimi. Aliutazama mguu,
kama mtu aliyejibiwa salamu na asiyemtarajia.
Akapanda shibiri tatu, labda nne.
Kisha akaketi, akavivua,
akavitia viwili vyote tunduni mwa jabali, vikae,
akashuka peku mikononi mwangu.

Sasa ni miezi mitatu. Nabonyeza ncha ya kiatu:
punje haipo, pana ukucha.
Nimepasua mfuko mwingine.
Safari hii amesimama kimya, mtu mzima,
mikono nyuma, hata penseli ilipopita kidole cha mwisho.
Mstari umenyooka vizuri.
Nimeutazama mara mbili,
nikauchora tena, polepole,
kwa ncha isiyochongwa.