Kidole cha Shahada

Kondo amezima mashine usawa wa Mjimwema,
pale meli za makasha zinapongoja zamu ya bandari.
Jiwe limezama, kamba imenyooka.
Pima kumi na mbili, anasema, na hapimi.

Risasi ya chubwi nimeiyeyusha mwenyewe
kutoka betri mbovu ya gari la mkwe wangu.
Ndoana mbili, ndogo mfano wa alama za mkato.
Chambo ngisi, vipande vya ukubwa wa ukucha.

Tumekuja kumtafuta kibua,
samaki wa shibiri moja
ambaye pale Feri huuzwa kwa fungu,
hana bei ya peke yake.
Wateja wa Kondo wa Jumamosi, wenye fimbo za kuvulia za gharama,
wanamtaka nguru, wanamtaka jodari, wapige naye picha.
Kwao kibua ni chambo.
Sawa. Mkubwa hukuburuta; mdogo hukuuliza.

Na swali lake ni fupi: tik.
Halafu tik tena.
Ukijibu haraka umekosa,
ukichelewa ameshakula, ameshaaga.

Mwaka juzi mashine ya kukata bati, Chang'ombe,
ilichukua kidole changu cha shahada
saa tisa na robo, kabla ya chai.
Fidia ilikuja, ikaezeka vyumba viwili
kwa bati lile lile.
Katika tahiyatu nainua kisichokuwepo
na sijui malaika huandika nini.

Siku hizi mshipi naushika kwa kushoto.
Kushoto ni kiziwi.
Kondo ana saba kwenye ndoo,
mimi nimepata kikande mmoja, anakoroma kwa hasira,
nimemrudisha.

Ndipo, nimebadili mkono ili nijikune tu,
mshipi ukalala juu ya kigutu,
na kule mbele yake, hewani,
pasipo nyama wala ukucha,
tik.

Sikumwambia Kondo.
Nikangoja swali la pili.
Nikajibu.

Akaja akizunguka, ubavu wa shilingi mpya,
jicho la mtu aliyeamshwa usiku kuulizwa jina.
Nikamshika kwa vidole vinne.

"Umejuaje?" Kondo akasema. "Mshipi wenyewe haukutikisika."

Nikainama kutafuta chambo kingine.
Meli moja ikapiga honi, ikaanza kung'oa nanga:
imeitwa.