Visiwa vya Majani

Mwaka jana nilifunga kitambaa.
Nilichana upindo wa leso yangu kuukuu,
ile ambayo jina lake limeshafutika,
nikaufunga kwenye kijiti, nikakichomeka
hatua mbili kutoka kwenye kiota,
nikamwambia Hiribae: hapo usipitishe mundu.
Akapita pembeni kwa adabu,
kama mtu apitaye nyuma ya wanaosali.

Mayai matatu, rangi ya vumbi la huku Hindi,
yana madoa kama chai iliyotiririka.
Mama yao alitutangulia njiani,
akisimama, akitikisa mkia, akisonga tena.
Ndiyo maana akaitwa kipimanjia:
hupima njia isiyo yake
tusije tukaiona iliyo yake.

Siku ya tatu kunguru alikuwa juu ya kijiti.
Si karibu nacho. Juu yake.
Kitambaa changu chekundu kikipepea chini ya kucha zake
kama kibao cha mkahawa: karibuni, chakula tayari.
Kumbe nilikuwa nimemwandikia anwani.

Mwaka huu masika yamekawia kuondoka.
Majani yamefika kiunoni, yameanza kutoa maua,
na Famau wa Langoni hupiga simu kila alfajiri:
ana punda kumi na mmoja,
mawe ya kubeba, mchanga wa kubeba, saruji ya kubeba,
"na majani yakikomaa, dada, hawali,
huyatazama tu kama watoto wanavyotazama mchicha."
Ana haki.
Majani yana siku zake; ukingoja yatoe mbegu unauza vijiti,
na karo ya Mahazi haijui masika wala kiangazi.

Basi hatungoji. Tunakata.
Ila tunaanzia katikati, tunasukuma kwenda nje,
mwenye miguu apate pa kukimbilia.
Zamani tulizunguka toka ukingoni kuingia ndani,
na kwenye fungu la mwisho lililosimama
kila chenye roho kilikuwa kimejikusanya, kinatungoja.
Naijua sauti ya chuma
kikigusa kitu laini kuliko jani.
Sitaieleza.

Na tunaacha visiwa.
Vitano, kila kimoja upana wa chumba cha kulala.
Amu ni kile karibu na mkoma.
Manda ni kirefu kwa sababu Hiribae alichoka.
Pate. Ndau.
Kiwayu kule mwisho, chembamba kama chenyewe.
Hakuna kijiti. Hakuna kitambaa.
Kiota kimo katika kimoja tu.
Hiribae hajui ni kipi, nilimwambia ageuze uso
nilipokuwa nikihesabu hatua kutoka kwenye mkoma,
na hesabu hiyo sikuiandika popote.
Nami nimejifunza kupima njia.

Famau amepokea mzigo, amehesabu.
"Marobota saba yako wapi?"
Nikamwambia: yamesimama shambani, ni visiwa.
Akanyamaza hata nikadhani salio limekwisha.
"Dada, nani ananunua visiwa?"
Nikasema: huko kwenu, kila mtu.
Alikata simu.
Keshokutwa yake boti lilikuja Mokowe vilevile,
na bei alipunguza, sikubishana.

Kunguru naye amekuja kukagua.
Ametua Pate. Akazunguka Ndau mara mbili.
Akakaa juu ya mkoma siku nzima, akinitazama mimi,
akingoja niende.

Siendi kuchungulia.
Nyayo zangu nazo ni kitambaa.

Asubuhi ya leo nimemkuta njiani,
panzi mdomoni, miguu mirefu imelowa umande.
Alisimama. Akatikisa mkia. Akasonga.
Nikamfuata alikotaka kunipeleka,
mbali na shamba, mpaka kwenye lami,
mundu begani,
kama mtu asiyejua kitu.