Fomu ya Kumi na Tisa

Manispaa wamenipa utepe wa kupimia,
penseli mbili na fomu mia zenye mistari:
Mtaa. Kiwanja. Mwaka wa ujenzi. Hali ya paa.
Mmiliki wa kwanza.
"Herufi kubwa, Nangobi," akaniasa Bwana Kirunda,
"wafadhili hawana macho."

Tangu Jumatatu naizunguka Jinja shingo juu
kama kuku anayemeza maji.
Miaka yote nimepita hapa nikitazama chini,
nikikwepa mashimo na pikipiki,
kumbe mji umeandikwa juu:
1919, na yungiyungi la saruji;
1926, tausi wawili, mmoja hana kichwa;
1934, na jina ambalo njiwa wamelinyea
hata nikaandika HALISOMEKI.

Chini ya tausi wanauza vifaranga na kadi za simu.
Naigaga, mwenye duka, hakuwa na habari.
Tukavuka barabara, akakinga jua kwa kiganja,
akatazama weee,
"Kumbe! Kodi yote ile nawalipia na hawa?"

Stesheni: reli imeingia kwenye mihogo haikutoka.
Dirisha la tiketi la Daraja la Kwanza ni pana, lina kizingiti
cha kuegemeza kiwiko.
La Daraja la Tatu ni tundu,
unapenyeza mkono, na mkono ukirudi
unahesabu vidole.
Hali ya paa: mbingu.

Walukuba nilikozaliwa haimo kwenye orodha.
Vyumba viwili viwili vya watu wa kiwandani,
ambako Mjaluo, Mgisu, Mnubi na Msoga
waligombana kwa Kiswahili
ili kila mmoja aelewe vizuri alivyotukanwa.
Nikauliza. Kirunda akasema ule si urithi,
ni makazi tu.

Na mtoni? Maporomoko yalizamishwa bwawa lilipojengwa.
Wageni wanapigwa picha juu ya maji yaliyonyamaza.
Jiwe lililoupa mji jina
liko huko chini, halina kiwanja wala namba,
na utepe wangu una mita thelathini.

Alhamisi, fomu ya kumi na tisa.
Niliiruka mara mbili.
Mlango wa kijani, kizingiti kilicholika katikati
kwa nyayo zetu, miongoni mwa nyingine.
Baba alipewa ufunguo mwaka wa sabini na tatu,
alipanga foleni siku nzima, akatia sahihi.
Mezani alikuta kikombe cha chai
kimeota manyoya ya ukungu,
na kiatu cha mtoto, kimoja, cha kushoto.
Kikombe alikiosha. Kiatu hakutuambia alikipeleka wapi.
Siku ya tatu alipanda ngazi na patasi
akalibandua jina paani, herufi kwa herufi,
akapiga chokaa, akashuka,
akafungua duka la misumari.

Lakini saruji ina kinyongo chake.
Mvua ikinyesha, palipochongwa hunywa maji zaidi,
na jina hurudi, jeusi, limelowa,
mpaka jua litakapolifuta.
Tukiwa wadogo tulilisoma kwa sauti,
na baba akatuita ndani tukahesabu misumari.

Sasa natazama wingu likitoka ziwani.
Ningeweza kuandika HALISOMEKI.
Kirunda hatakuja kuhakiki, ana goti.
Tone la kwanza kwenye karatasi, la pili shingoni,
wauza vifaranga wanakimbilia veranda,
mimi nimesimama katikati ya barabara kama mwehu
nikingoja ukuta ulowe.

V, kisha I. Kisha T, ikichelewa kidogo.
VITHALDAS.
Naandika nikiwa nimeinamia fomu isilowe,
na kwenye S penseli inavunjika.

Natoa ya pili.
Nageuza fomu: nyuma haina mistari.
Naanza na patasi.