Mstari Usiosomwa

Kompyuta ilikuwa moja, sisi watatu.
Ilifika Tandala kwa Landrova ya ushirika,
imeviringishwa blanketi kama mgonjwa,
na jenereta ilipewa dizeli ya saa mbili hadi saa sita,
si dakika zaidi.

Mzee Luvanda alitaka programu yake ya mahesabu,
nzito, inayokunywa kumbukumbu yote
kama ng'ombe wa kwanza kufika mtoni.
Yusta Tweve alitaka barua na printa,
ile inayolia kama cherehani yenye sindano butu.
Mimi nilikuwa mtu wa mizani: kilo za pareto kavu,
namba za wakulima, chafya.
Kilobaiti mia sita na arobaini
hazikututosha.
Ikimwamkia Luvanda, printa ya Yusta bubu.
Ikimwamkia Yusta, mahesabu yanagoma.
Tulibadilishana diski. Tulibadilishana na maneno.

Yusta ndiye aliyekaa na kitabu cha mwongozo
wiki nzima, blanketi la Kikinga mabegani,
akapiga mistari yake ndani ya lile faili
ambalo mashine hulisoma kwanza, kabla haijajijua.
Jumatatu tulipowasha, tukaulizwa:

1. LUVANDA
2. YUSTA
3. MAHENGE

Pembeni sekunde zinashuka kutoka thelathini.
Usipochagua, inakuchagulia. Namba mbili.
"Mpishi haachi kuonja," akasema,
na Mzee, ambaye hakucheka tangu bei ya maua ishuke,
akacheka.

Mchana mmoja wa mvua akanifundisha:
ukibonyeza F8, itakuuliza mstari kwa mstari,
huu niufuate? ndiyo au hapana?
Ukibonyeza F5, inaamka mtupu,
haina jina la mtu, ni alama tu inayopepesa gizani.
"Hiyo ya siku mambo yameharibika," akasema.
"Unaanza na kidogo kilichopo."

Kisha akaanza kupungua.
Blanketi likawa linamzunguka mara mbili.
Mwaka ule, huku Makete,
misumeno ya mafundi wa majeneza haikulala,
na hatukuulizana majina ya ugonjwa.
Julai, umande umeganda kwenye majani ya viazi,
tukampeleka kwao Lupila.

Siku ya nne tukarudi ofisini.
Mzee anahangaika na vifungo vya koti,
mimi nasugua mikono,
hakuna aliyebonyeza kitu.
Thelathini zikaisha.
Printa ikanguruma,
ikavuta kichwa chake kushoto, ikakirudisha kulia,
ikatulia, inasubiri barua.

Mzee akatoka nje kutazama mvua.
Haikuwa ikinyesha.

Mwezi wa tisa wakatuletea karani kutoka Njombe,
binti mwema, Anisia, mwenye kalamu za rangi,
na mwenyekiti akaniagiza: lile jina liondoe.
Nikafungua faili. Kidole juu ya kitufe cha kufutia.
Nje jenereta inakohoa, saa sita inakaribia.

Kuna herufi tatu alizonionyesha, R, E, M:
ukiziweka mwanzoni mwa mstari
mashine inaupita bila kuugusa.
Haufutiki. Haufuatwi tu.
Nikaziandika mbele ya YUSTA.
Chini yake nikaandika ANISIA.
Sekunde sikuzigusa.

Siku hizi ile mashine iko stoo, chini ya magunia;
kuku aliwahi kutagia boksi la printa.
Filimoni, mwanawe, ni fundi simu Makambako,
ana kidevu chake kabisa.
Juzi, huku akifungua simu yangu kwa bisibisi ndogo,
aliniuliza bila kuinua macho:
mama alikuwa anafanya nini hasa, pale ushirika?

Nikatafuta neno la kazi yake, sikulipata.
Nikamwambia, asubuhi tulikuwa tunagombana.
Akaja akatupangia zamu.